Mlango Nilioukandika

Ukipita kwangu utaona nyumba yenye milango miwili. Mmoja naupita mimi, wa pili haupitwi na mtu. Vijana hucheka, husema mzee huyu anajenga kama fuko. Wacheke. Wewe kaa nikwambie, na kama utaniita mwongo, uniite baada ya kunisikiliza. Haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona, tena niliyasababisha kwa mikono yangu hii.

Ilikuwa enzi ya Mjerumani, reli ikisogea kutoka pwani kuja Dodoma. Nilikuwa nimekaa mbali na kwetu miaka mingi, kwanza nikibeba mizigo ya misafara, kisha nikibeba mataruma ya reli. Niliporudi wazazi walikwisha kufa. Ng'ombe walioniachia niliwatoa wote mahari ya Nyemo, binti wa kijiji cha pili. Baba yake akawapokea, akanitazama juu hadi chini, akasema, "Mwanangu hatalala chini ya mti. Jenga kwanza." Unaona? Bila nyumba sina mke. Nami nilikuwa nimechoka kula peke yangu, nikisikia meno yangu tu yakitafuna.

Nikachagua mahame, tembe la watu waliokwisha kuondoka, kwa sababu nguzo kadhaa zilikuwa bado imara. Uvivu, sikatai. Jirani yangu wa pekee upande ule alikuwa Masaka, mchungaji wa mifugo, rika langu. Akanionya, "Hayo mahame yana mwenyewe." Nikamjibu, "Yuko wapi, aje anisaidie kukanda udongo?" Mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza nyumba nzima.

Tembe letu unalijua: paa bapa la udongo, vyumba vimeuzunguka ua, milango inatazama ndani waliko ng'ombe. Lakini mimi nilikuwa nimeiona nyumba ya msimamizi wa reli, mlango unatazama njia, dirisha ubavuni, chumba kipana. Nikajiona fundi. Nikachora chini kwa kijiti, nikafuta, nikachora tena. Mlango wa zamani ulifungukia uani, na ua wenyewe ulikuwa mtupu, hata kinyesi cha mbuzi hakuna. Kila nikiutazama roho iliniuma. Ng'ombe sina, mama hayupo wa kukaa pale apepete mtama, mlango wa nini? Nikauziba kwa fito na udongo, nikatoboa mwingine upande wa njia. Kulikuwa pia na kiambaza cha kati, kimebaki nusu. Nikakivunja.

Siku ya kukandika mara ya mwisho, jua likiwa bado juu ya vilima, akaja mwanamke na kibuyu cha maji kichwani. Alitokea upande wa ua. "Mbukwenyi," akasalimu, nami nikaitikia. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja hadi ukutani, pale palipokuwa na mlango, akaweka kiganja kwenye udongo mbichi.

"Mbona mmefunga?"

"Mlango uko huku, dada," nikamwambia. "Karibu uone."

Niamini, sikuogopa hata kidogo. Nilifurahi! Nyumba yangu ilikuwa haijaonwa na mtu, nami nilikuwa na hamu ya kusifiwa. Nikamzungusha, nikamwingiza, nikaanza kumwonyesha: dirisha hili, kitanda kitakaa hapa, Nyemo atapikia pale. Yeye alikuwa anatembea kama aliye ndani ya nyumba nyingine. Katikati ya chumba, mahali peupe kabisa, aliinama kama anayepita chini ya kizingiti cha juu cha mlango. Akaruka kitu nisichokiona. Akakizunguka kiambaza nilichokivunja. Kisha akatua kibuyu, akamimina maji kidogo sakafuni, mahali patatu.

"Wamelala na kiu," akasema. "Kisima kilikuwa mbali."

Akaugeukia ukuta wa uani, ule niliouziba, akauegemea kwa paji la uso. Alisimama hivyo kama mtoto aliyefungiwa nje, ingawa alikuwa ndani. Nikatoka mbio kumwita Masaka. Tuliporudi hapakuwa na mtu. Mavumbini palikuwa na nyayo zake za kuingia. Za kutoka tulizitafuta, hazikuwapo.

Masaka akakaa chini, akanieleza mambo yaliyotokea nikiwa safarini. Mwaka wa ukame, mama mwenye nyumba hii alikwenda kutafuta maji, akawaacha wanawe watatu wamelala. Mchwa walikuwa wamekula boriti. Aliporudi, paa zima la udongo lilikuwa limewaangukia. Alichimba kwa mikono kuanzia mlango wa uani, kisha akaondoka, na hakuna anayejua alifia wapi wala alizikwa wapi.

"Umfungulie mlango wake," Masaka akasema, "kabla hujamleta mke."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi nilisema ndiyo, kisha nikautazama ukuta wangu ulivyonyooka. Siku tatu tu zilibaki Nyemo aletwe. Nikachukua udongo laini, nikaifuta alama ya kile kiganja.

Nyemo aliipenda nyumba. Alicheka alipoliona dirisha, akakaa hapo akiimba huku anachambua mboga, na nyumba ikawa na sauti ya mtu. Jioni ya pili akaniuliza, "Mbona humfungulii mgeni? Anabisha." Nikasema panya. Jioni ya tatu akasema, "Panya gani anabisha kwa kiganja?" Asubuhi ya nne alikuta sakafu imelowa mahali patatu, na ukutani, upande wa ndani, alama ya mkono. Hakupiga kelele. Alikunja nguo zake. Mlangoni akaniuliza kama nilijua kabla ya kumleta. Nikautazama ule ukuta, naye akaelewa. Baba yake alirudisha ng'ombe. Yeye hakurudi.

Siku ileile nilichukua jembe nikaubomoa ule ukuta, nikaacha mlango wazi unaouona. Kila jioni naweka kibuyu cha maji kizingitini. Asubuhi nakikuta kimejaa vilevile. Mwanzo nilikuwa nikiomba yule mama asije. Sasa, nakwambia bila aibu, huwa nakaa nikitega sikio, maana hata yeye ningemkaribisha. Habishi tena mtu.

Kwa hiyo wewe unayetaka kujenga, panua vyumba utakavyo, toboa madirisha. Lakini kabla hujaziba mlango uliokuta wazi, uliza nani alikuwa akiupita. Na ukishaambiwa, usimfiche mkeo.