Mama Kimya na Kompyuta Sita

Wasomaji walimwita Mama Kimya, kwa sababu miaka kumi na tisa alikuwa akiwanyamazisha kwa kidole tu. Ndiye aliyekuwa mkutubi wa maktaba ile, na zilipoletwa kompyuta sita za umma, nazo zikawekwa chini yake.

Asubuhi moja mwalimu wa chekechea alikaa kwenye kompyuta ya pili, akatafuta habari za uvimbe kwenye titi. Alipoondoka, jirani yake akakalia kiti kile kile. Alipogusa tu kisanduku cha kutafutia, kivinjari kikamwaga yote aliyoandika mwalimu. Kufika jioni, mtaa ulikuwa umeshamzika mwalimu akiwa hai.

Mama Kimya aliyapata kwa wifi yake, walipokuwa wakianua nguo.

"Eti wifi, yule mwalimu amebakiza miezi mingapi?"

"Nani kakwambia?"

"Si kompyuta zenu."

Kesho yake akamwendea mkuu wa maktaba, akaomba vivinjari vipangwe vijifute kila mtu anapoinuka.

"Tukifuta, tutajuaje watu wanatafuta nini?" mkuu aliuliza. "Takwimu zinatakiwa huko juu."

"Tuhesabu vichwa, bosi. Mtu akiazima kitabu hatumuulizi amelia kwenye ukurasa upi."

"Andika barua."

Akaandika. Akaandika ya pili, na ya tatu. Wakati barua zikizungushwa, alifanya kwa mkono: msomaji akiinuka, naye anainuka, anafuta, anarudi kukaa. Mara arobaini kwa siku, na goti lake bovu. Wenzake walimtania kwamba siku hizi ni mfagizi wa mtandao.

Mwezi wa nne kompyuta ya mkuu iliharibika, akaja kutumia ya tano. Alipoinuka tu, Mama Kimya akapita, akafuta bila kutazama. Mkuu akarudi ofisini, akazitafuta zile barua tatu. Jumatatu fundi akaja na ruhusa, na kazi yenyewe haikuzidi saa mbili.

Mama Kimya akabandika karatasi ukutani: "Kompyuta hii inasahau ulichotafuta. Tovuti ulizofungua huenda zisisahau."

"Hiyo sentensi ya pili itoe, inatisha watu," fundi alisema.

"Iache. Wameshaumizwa mara moja, sitawadanganya tena."

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa mwalimu kuomba radhi na kumweleza alichofanya fundi. Mwalimu alimsikiliza akiwa ameshika mlango.

"Uvimbe ulitolewa, haukuwa mbaya," alisema mwishowe. "Ila wazazi wawili wameshahamisha watoto wao, eti nitawafia darasani."

"Nisamehe, mdogo wangu. Nilipaswa kujua mapema."

Mwalimu hakusema amesamehe. Akauliza kama yule fundi angeweza kumpangia na simu yake ijifute.

"Fundi wa nini?" Mama Kimya alikuwa ameshaanza kuvua viatu. "Lete simu, nikuonyeshe ujifutie mwenyewe."