Krimu Iliyonipa Mimba

Jamani, bado naona aibu hata kupita zahanati ya Kambarage. Nina miaka hamsini na moja, hedhi inaaga, joto linanichoma. Shoga yangu akaniletea krimu ya homoni, eti ya asili kabisa. Akasema nipake kiasi cha punje ya dengu. Mimi nikajipaka mwili mzima kama mafuta ya nazi!

Wiki ya pili matiti yakajaa na kuuma, kichefuchefu kikaja, nikawa nasinzia dukani. Nikamnong'oneza mume wangu, "Baba Kulwa, nadhani nina mimba."

Mzee akaruka! Kwetu Wasukuma anayezaliwa baada ya mapacha ni Shija, na tangu tuwapate Kulwa na Doto amemngoja huyo Shija miaka ishirini na nane.

Tukaenda zahanati, nesi akanipima, kisha akauliza ninapaka nini. Nikamwonyesha kopo. Akacheka mpaka akakaa. "Mama, hakuna mimba. Umezidisha krimu. Acha kwanza, umwone daktari."

Nikatoka nje. Baba Kulwa alikuwa amesimama na mawifi zangu watatu kutoka kijijini Samuye, wamekumbatia jogoo wa pongezi.

"Haya, Shija wetu hajambo?" akauliza Baba Kulwa.

Nikanyanyua kopo la krimu. "Shija wenu ndiye huyu."