Dereva, Tanboi na Mafuta ya Kupikia

Kama kuna jambo lililomkata Waithira maini, ni watu kumuuliza habari za mume wake ilhali mume mwenyewe amekaa papo hapo. "Mama Njoki, anaendelea aje?" "Anasikia kweli?" "Analala vizuri usiku?" Waliyauliza hayo juu ya kichwa cha Gatimu kana kwamba ni kabati, kisha wakasogeza viti na kuanza kuzungumza bei ya majani chai. Waithira alikuwa fundi wa sare za shule pale Kiganjo, mwanamke asiyejua kumeza neno, na jibu lake kwa wote lilikuwa moja: "Si umuulize mwenyewe? Masikio ako nayo." Wakicheka kidogo, wakidhani anatania, ndipo roho ilipomchafuka zaidi.

Gatimu alikuwa ameendesha lori la maziwa kati ya Mukurweini na Nyeri nusu ya maisha yake, hadi kiharusi kilipomwangusha mwaka uliopita. Upande wa kulia ukafa ganzi, ulimi ukafungwa. Akili haikuguswa, na hilo Waithira angeliapa mbele ya hakimu yeyote. Mkono wa kushoto ulibaki na nguvu zake, na kwa mkono huo mke na mume walikubaliana namna ya kusemezana: akigonga kiti mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Waithira aliwafundisha ndugu, akawafundisha majirani na watu wa kanisa. Wote walitikisa vichwa kwa upole wa matanga, wala hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza Gatimu swali.

Kisha nyumbani kukaja samaki, kutoka kwa Roshni, mama mwenye duka la vitambaa na vifungo mjini Nyeri, ambako Waithira alikuwa akinunua uzi tangu akiwa msichana. Roshni alikuwa amenunua tangi kubwa zaidi la kioo la kufugia samaki, na lile la zamani akalitoa pamoja na pampu yake ya hewa na samaki wawili wa rangi ya dhahabu.

"Chukua wewe, Mama Njoki," alisema. "Mzee ataangalia. Samaki hapana kelele, hapana kama TV."

Kabla ya hapo Gatimu alikuwa akikodolea ukuta macho. Tangi lilipowekwa mbele ya kiti chake, kando ya cherehani, macho yalianza kutembea, na baada ya macho, shingo. Siku moja Waithira akaanza kutaja majina, moja baada ya jingine, mpaka alipofika kwenye yale ya barabarani, na hapo mkono ukagonga. Yule samaki wa kutangulia akawa Dereva. Yule wa kumfuata nyuma kila aendako, kama utingo wa lori, akawa Tanboi. Gatimu alicheka kwa nusu ya mdomo, na Waithira akaenda jikoni kulia, maana alikuwa amesahau sauti ya kile kicheko.

Basi Dereva akaugua. Tumbo lilimfura, akaanza kuelea kwa ubavu juu ya maji, akijitahidi kushuka na kurudishwa juu kama kizibo. Gatimu ndiye aliyemwona kwanza, akagonga kiti mpaka Waithira akaacha sufuria motoni na kukimbilia sebuleni.

Alikwenda kwenye agroveti ya karibu, duka la dawa za mifugo. Kijana wa pale alisikiliza akiwa ameegemea kaunta, kisha akaangua kicheko. "Mama, samaki ya kuangalia tu? Si ununue ingine!" Waithira alimtazama hadi kicheko kikakauka. Hebu fikiria: katika nchi hii ya mlima, kuku akipiga chafya anaandikiwa dawa ya maji na dawa ya unga. Ndama akikataa maziwa, ukoo mzima unakesha zizini. Lakini kiumbe anayemfanya mtu mzima ageuze shingo yake mwenyewe, huyo ni wa kuchekwa. Njiani akakutana na Ngendo wa kwaya, naye akauliza kama samaki hao hawatoshi hata kukaangwa. Waithira akampita, akimeza jibu lake kwa taabu.

Roshni hakucheka. "Tumbo imejaa," alisema kwenye simu. "Usipatie yeye kitu kwanza, siku mbili, tatu. Halafu chemsha minji, hiyo njegere, toa ngozi, patia kidogo sana. Maji usitoe yote, atashtuka. Na maji ya mfereji wacha ilale kwa ndoo, hiyo dawa ya klorini ya kaunsil itoke."

Hivyo nyumba ikajaa ndoo za maji yaliyolala. Kila hatua Waithira alimuuliza Gatimu. "Nitoe nusu?" Mara mbili. "Robo?" Mara moja. "Nimpe minji leo?" Mara mbili, kwa nguvu, maana tumbo lilikuwa bado. Mtu ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akigeuzwa, akilishwa na kufutwa mdomo sasa alikuwa msimamizi wa kazi. Alikaa wima zaidi. Alidai kunyolewa ndevu. Waithira aliona yote hayo, na ndiyo maana aliogopa: Dereva akifa, Gatimu atarudi kukodolea ukuta.

Jumapili hiyo Kingori, mdogo wake Gatimu, alikuja kutoka Mukurweini na mkungu wa ndizi na dumu la maziwa. Ni mtu mwema, Kingori, hilo lazima lisemwe. Ana ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu, anaowaita kwa majina na kuwaimbia wakati wa kukama. Alisimama mbele ya tangi, mikono kiunoni.

"Huyu ana nini?"

"Tumbo imefura. Tumemfungisha chakula."

"Ati mmefanya samaki afunge kama mtu wa maombi? Mama Njoki, huyo atakufa na njaa!"

"Usiguse, Baba Muriithi. Ukitaka kujua kitu, muulize mwenye samaki, ako hapo," Waithira alimwambia shemeji yake, akachukua kitambaa chake cha kichwa na kwenda kanisani.

Aliporudi, harufu ilimpokea mlangoni. Ilikuwa harufu ya mafuta ya kupikia. Juu ya maji ya tangi kulikuwa na utando mnene wa njano, na chini ya utando huo Dereva na Tanboi walikuwa wakipanua midomo, wakitafuta hewa wasiipate. Chupa ya mafuta aliyoinunua juzi ilikuwa mezani, imebaki matone. Kingori alikuwa amekunja mikono ya shati, uso wake umejaa furaha ya mtu aliyetenda wema.

"Karibu! Nimekumalizia hiyo kazi. Ng'ombe ikifura tumbo unafanya nini? Si unaipatia mafuta, hewa inatoka? Nimeokoa ng'ombe mingi na hiyo dawa. Huyu mdomo yake ni kidogo, nikaona nimwage tu kwa maji atakunywa mwenyewe."

Waithira alisogea hadi kwenye tangi, akachovya kidole, kikatoka kinang'aa mafuta.

"Na hata Gatimu amefurahi! Ungemwona. Alikuwa anapiga makofi na ile mkono yake mzuri, anapiga tu, anapiga, na kuita. Sijamwona na raha hivyo tangu augue."

Waithira akamgeukia mumewe. Uso wa Gatimu ulikuwa umelowa machozi na mate, na mkono wa kushoto ulikuwa juu ya kiti, umevimba vifundoni, umechubuka.

"Makofi?" alisema. Sauti ilianza chini, ikapanda hadi majirani wakafungua madirisha. "Makofi, Kingori? Hiyo ni mara mbili! Mbili, mbili, mbili! Nimekufundisha mimi mwenyewe, hapa hapa, ukiwa unakula ndizi! Mtu amekuambia hapana mpaka ngozi imetoka, na wewe unamwaga mafuta unasema amefurahi? Ng'ombe yako ikilia unajua ni njaa ama ni maziwa. Ndugu yako akilia hujui?"

Kingori aliinama kuutazama mkono wa ndugu yake.

"Shika ndoo," Waithira alisema.

Maji yaliyolala yalikuwapo, shukrani kwa Roshni. Waliwachota samaki kwa chujio la chai, taratibu, wakawatia ndooni na kuwatumbukizia mpira wa pampu ya hewa. Kisha Waithira akatandaza magazeti juu ya maji ya tangi, moja baada ya jingine, yakanywa mafuta na kutolewa yakichuruzika. Kingori alibeba, akapangusa vioo, akabeba tena. Kila alipotaka kufanya jambo alimtazama Waithira, na kila mara Waithira akamwelekeza kwa kidole kwenye kiti. Ilibidi aulize. Mwanzoni alinong'ona kwa aibu, akitazama sakafu: "Nioshe na sabuni?" Mara mbili. "Maji moto tupu?" Mara moja.

Alasiri tangi lilikuwa safi. Tanboi alizunguka, akaenda pembeni, akarudi. Dereva bado alielea kwa ubavu, lakini mashavu yake yalikuwa yakifunguka na kufungika sawasawa, na akipigwa kivuli alishtuka. Kesho angejaribiwa minji. Hakuna aliyesema atapona.

Kingori akapiga magoti mbele ya kiti, shati limeroa mafuta hadi kifuani.

"Gatimu," alisema. "Ulikuwa unanikataza?"

Mara moja.

"Wakati wote?"

Mara moja.

Kingori alijipangusa uso kwa kiganja, akajipaka mafuta zaidi. Halafu, kama mtu aliyegundua kwamba simu aliyodhani imeharibika inafanya kazi, akaanza kuuliza. Uko na njaa? Mbili. Kiu? Mbili. Mkono inauma? Moja. Unataka kulala? Mbili. Waithira alisimama mlangoni na ndoo ya magazeti, hasira ikianza kutua, akijisikia vizuri kwa mara ya kwanza siku hiyo. Angalau mmoja alikuwa ameelewa.

"Unataka kukaa hapa, uangalie samaki?" Kingori aliuliza.

Mara mbili.

Waithira akadhani amehesabu vibaya.

"Sasa unataka nini?" Kingori alitazama huku na huku, akitafuta la kuuliza. "Unataka kwenda nje?"

Mkono uligonga mara moja. Kisha, kabla swali jingine halijaja, ukagonga tena mara moja, ukapumzika, ukagonga mara moja. Gatimu hakuwa akimtazama ndugu yake. Alikuwa akimtazama mkewe.

Waithira alikuwa na majibu tayari. Kuna baridi. Kiti ni kizito. Ngazi za mlango ni mbaya, na watu wa barabarani watamkodolea macho. Majibu hayo yote alikuwa amejipa mwenyewe, mwaka mzima, akikivuta kiti mbele ya ukuta, kisha mbele ya tangi, kila asubuhi. Alikuwa amemuuliza kuhusu maji, minji, wembe, majina ya samaki. Hili hakuwahi kumuuliza hata siku moja.

Hakumkaripia mtu.

"Shika upande huo wa kiti, Baba Muriithi," alisema, akaweka ndoo chini na kwenda kumtafutia Gatimu sweta.