Fundo la Kamba ya Saulo

Kijijini kwetu, karibu na Ifunda, ukilitaja jina la kaka yangu Saulo watu hutikisa kichwa na kusema, "Yule mkaidi." Walilisema neno hilo tulipomzika mama, wamelisema kilabuni miaka yote hii, na juzi wamelisema tena tulipomzika Saulo mwenyewe, midomo yao imejaa maharage yetu. Nimechoka nalo. Mimi Tekla ni dada yake wa pekee, na habari za ule mguu nazijua kuliko wao wote.

Mwaka 1974 tulihamishwa kutoka mlimani kuja kijiji kipya kando ya barabara kuu. Saulo alikuwa na miaka thelathini na mbili, hana mke, mgema ulanzi, pombe ya mianzi, kama marehemu baba, na kwa kupanda mlima hakuna aliyemfikia. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwa mume ambaye hastahili sentensi zaidi ya hii. Ilikuwa lazima nyumba ya mama ibomolewe, maana miti ya paa ndiyo ingejenga nyumba mpya. Saulo akaibomoa kwa mikono yake. Akiwa anashuka na boriti begani, kwenye mawe ya kijito, mguu wa kushoto ukanasa na mwili ukageuka. Nilikuwa nyuma yake. Nilisikia goti likilia kama kijiti kikavu, kisha nikamwona kaka yangu amekaa majini anashangaa.

Mama yetu, Matilda, alipoona paa limekwenda na mwanawe amebebwa kwenye machela, alihamia jikoni, kibanda pekee kilichobaki, akagoma kutoka.

"Aliyeshusha paa langu ndiye atakayenishusha na mimi," alisema. "Saulo akija kwa miguu yake, nitakuja. Hao wengine wasinisumbue."

Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Eliezeri, alipanda mara mbili kumbembeleza, akarudi peke yake. Kwetu mzazi akishamtaja mtoto fulani namna hiyo, hakuna mwingine anayeweza kumtoa. Ukimtoa ni kama umemwambia kwamba mwanawe huyo hayupo tena. Ndiyo maana hatukumbeba kwa nguvu. Leo wapo wanaojifanya wamesahau hilo.

Saulo alipelekwa Mbeya kupasuliwa. Kano mbili za goti zilikuwa zimekatika, daktari akazishona, mguu ukafungwa plasta wiki sita. Siku ya kuikata nilikuwepo. Paja lililokuwa nene kuliko kiuno changu lilikuwa limekwisha, ngozi imelegea juu ya mfupa. Saulo aligeukia dirishani.

Mtu wa mazoezi pale hospitali alikuwa Bwana Anyitike, Mnyakyusa mpole aliyezoea kusema jambo mara moja tu. Alimketisha Saulo ukingoni mwa kitanda, akamfunga mfuko mdogo wa mchanga kifundoni, akamwambia anyooshe mguu, ahesabu hadi kumi, aushushe polepole.

"Daktari ameshona kano," alisema, "lakini kano peke yake haziwezi kulishika goti, bwana Saulo. Linashikwa na nyama ya paja, na hiyo hakuna daktari anayeishona. Utaijenga mwenyewe."

Kisha akachukua kamba, akaizungusha kwenye paja la kulia, lile zima, na mahali ncha ilipofika akapiga fundo. Alipoizungusha kwenye paja la kushoto, fundo lilipita ncha kwa vidole vinne. "Dada, kila Jumamosi utampima. Siku fundo na ncha vitakapokutana, apande mlima wake. Kabla ya hapo hata ndoo ya maji asibebe."

Tulirudi nyumbani Januari. Saulo alifanyia mazoezi kwenye benchi iliyotengenezwa kwa miti ya paa la mama, asubuhi, mchana na jioni, mfuko wa mchanga kifundoni, jasho linamtiririka. Kila baada ya siku kadhaa nilimwongezea mchanga konzi moja. Vidole vinne vikawa vitatu, kisha viwili na nusu. Hapo vikakwama. Jumamosi tatu mfululizo nilizungusha kamba na fundo likasimama palepale.

Kila wiki nilipanda kumpelekea mama unga na chumvi. Kikohozi kilikuwa kimemshika, na akiba yangu ya maneno ilikuwa imekwisha.

"Kamwene, mwanangu. Anatembea?"

"Anatembea, mama."

"Basi mwambie mianzi imeanza kutoa, na mimi mikono haina nguvu ya kuikata."

Nilimfikishia. Saulo akaufungua mfuko wa mchanga, akautupa chini ya benchi, na siku mbili hakuugusa. Siku ya tatu nilimkuta analia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata tulipomzika baba. "Mguu huu umekufa, Tekla. Mama atafia kule jikoni ananisubiri."

Alipokwenda kuoga, nikaitungua kamba kwenye msumari. Nikalifungua fundo, nikalifunga upya karibu zaidi na ncha kwa nusu ya upana wa kidole. Nilitaka arudi kwenye mfuko wake, basi. Kesho yake nilipompima alipima tena mwenyewe, akaniambia nimletee mchanga.

Wiki ile alifanya mazoezi huku anaimba nyimbo za kanisani. Nikasogeza tena wiki iliyofuata. Nikasogeza mara ya tatu, na ya nne. Nilijidanganya kwamba nyama itakua haraka na kulifikia fundo, halafu uongo wangu utakuwa umegeuka kweli bila mtu kujua. Na nyama ilikua kidogo, siwezi kusema haikukua. Ila mimi nilikuwa na haraka kuliko nyama.

Jumamosi moja ya Machi fundo na ncha vikakutana. Saulo aliishika kamba kwa vidole viwili, akanivuta nitazame, anacheka kama zamani. Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Nilifungua mdomo, nikasema, "Hongera, kaka."

Jumatatu nilikwenda mashineni kusaga. Niliporudi, fimbo yake haikuwepo mlangoni.

Yaliyofuata alinisimulia yeye. Alifika mlimani kabla ya saa sita. Akakata mianzi yote, akakinga ulanzi, wakanywa na mama kutoka mbeta moja, kile kikombe cha mwanzi. Mama akavaa gauni lake la kanisani. Kikohozi kilikuwa kimemmaliza, hawezi hatua ishirini, kwa hiyo Saulo akambeba mgongoni, akamfunga kwa kitenge kama mtoto. Mama alicheka njia nzima, alisema Saulo, alikuwa anasalimia miti. Walipofika kwenye mawe ya kijito goti likaachia. Wakaketi majini wawili, mvua ikawanyeshea hapo hadi jioni, watu waliotoka shamba walipowakuta.

Mama alilala siku nne kwenye nyumba mpya, chini ya boriti zake mwenyewe. Ya tano kifua kikamchukua.

Kaburini Saulo aliketi kwenye kigoda, maana kusimama hakuweza. Tulipomaliza, mzee Eliezeri alisema mbele ya watu wote, "Uliambiwa usubiri kamba ikubali. Ukaidi wako ndio umetuletea haya." Saulo aliinamisha kichwa. Niliitazama ardhi. Nilikuwa na mdomo siku ile, na sikuutumia.

Wageni walipoondoka aliniita. "Lete ile kamba."

Nikampa. Hakuizungusha kwenye paja la kushoto, lililovimba. Aliizungusha kwenye la kulia, lile zima, ambalo ndilo lililopimiwa fundo hapo mwanzo. Fundo halikuifikia ncha. Nyama ya paja lake ilionekana katikati, upana wa vidole viwili. Alivuta kamba, akalegeza, akavuta tena. Kisha akanitazama.

"Mara ngapi?"

"Nne."

"Mama alijua?"

"Hapana."

"Eliezeri je?"

"Hajui mtu, kaka."

Aliiweka ile kamba mapajani. Nilisubiri anipige, na ningeshukuru. Badala yake alilifungua fundo kwa kucha, taratibu, akainyoosha kamba mpaka haikuwa na alama yoyote, akanirudishia.

"Basi na wewe uniite mkaidi, kama wenzako."

Aliishi miaka minne zaidi, akitembea kwa fimbo, mlimani hakupanda tena. Na kila walipolitaja jina lake kisimani au kanisani, wakanigeukia kuona dada anasemaje, nilitikisa kichwa nikasema, yule mkaidi.