Barua ya Mwenyekiti wa Mtaa

Fomu ya ruzuku niliijaza mimi, ingawa shule niliiacha darasa la sita. Katika kikundi chetu cha maktaba pale Katandala, hakuna aliyependa karatasi kama mimi. Ilibaki barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha kwamba viongozi watatu ni wakazi wake, na siku ya mwisho ya kupeleka maombi ilikuwa kesho yake.

Mwenyekiti aliandika majina ya wenzangu wawili. Alipofika kwangu akaweka kalamu chini.

"Wewe sikufahamu, kijana."

"Nina mwaka wa pili hapa, mzee."

"Umemzika nani?"

Wenzangu wakacheka. "Huyu, mzee? Msiba ukitokea yeye yuko safarini Muze! Asipokuwa Muze yuko Msanzi!"

Hata nilipokuwepo sikwenda. Nikiona turubai la msiba nilivuka barabara, kwa aibu ya kuingia kwa watu nisiowajua.

"Basi mwandike mwingine," mwenyekiti alisema, wala hakuwa na ubaya.

Nikakata jina langu kwenye fomu, nikaandika la mwanachama wetu mwenye duka, ambaye hakosi kwenye maziko ya mtu yeyote.

Ruzuku tulipata. Siku vitabu vilipofika, afisa wa halmashauri aliniona nikishusha maboksi, akaniuliza mimi ni nani kwenye kikundi. Niliwatazama wenzangu waliokuwa wakipigwa picha mlangoni.

"Nasaidia kubeba tu," nikamjibu.