Mbegu Haitolewi kwa Simu

Mvua ilipoanza kunyesha kwetu Kisegi mwaka jana, mimi nilikuwa mjini Suna, nimekalia tairi kuukuu, naziba pancha ya pikipiki. Shemeji yangu akapiga simu. Huyu ni mjane wa ndugu yangu mdogo, anaishi na watoto wake katika boma letu nyuma ya soko. Siku hiyo hakusalimia kwa urefu kama kawaida yake. Aliniuliza tu nitafika lini.

Nilijua anachouliza. Kwetu mbegu ina foleni. Mkubwa wa boma na mkewe hutangulia: wanalala pamoja kama mume na mke, asubuhi wanaingia shambani na kufukia mbegu za kwanza, ndipo wadogo wanafuata, kila mmoja kwa zamu yake. Tunaita golo kodhi, kutoa mbegu. Anayeruka foleni anajiletea chira, ile laana inayomkondesha mtu hadi anaisha, na wanasema inaweza kumwacha aliyekosa ikamshika mtoto wake. Baba na mama tulishawazika, kwa hiyo mkubwa ni mimi. Na mimi siamini haya mambo.

Siamini, lakini nisijifanye msomi. Shule niliishia darasa la nane, na hiyo nane yenyewe niliifikia nikichechemea. Hakuna kitabu kilichonigeuza. Ndugu yangu alipokuwa anaugua, wazee walisema ni chira kwa sababu alijenga upande usio wake wa boma. Mhubiri akasema ni mapenzi ya Mungu. Nikawasikiliza wote, kila mmoja akiwa na uhakika wake, na ndugu yangu akaendelea kuvimba miguu. Kusema haki, hata daktari hakutuambia kitu cha kueleweka. Lakini yeye angalau alikubali kwamba hajui. Tangu hapo kanisani siendi na mila za namna hiyo sifanyi. Najaribu kutomdhulumu mtu, basi. Wateja wangu huniita mpagani kwa utani, na bado wananiachia pikipiki pamoja na ufunguo.

Basi nikamwambia shemeji apande. Nikaona labda neno langu kwake halitoshi, nikamwomba ampe simu baba mdogo, ndugu ya baba yetu, mwenye boma lake kando, mzee aliyebaki peke yake katika ukoo wetu pale. Nikamweleza kwa heshima kwamba mimi kama mkubwa natoa ruhusa, wote wapande. Nikasikia kicheko chake chenye kikohozi ndani.

"Mwanangu, mbegu haitolewi kwa simu."

Watu waliokuwa kando yake wakacheka. Hata mimi nilicheka. Lakini nilipokata simu nikashikwa na hasira, nikaipiga ile pancha kiraka, kikakaa upande, ikabidi nianze upya.

Siku zikaenda. Mahindi ya majirani yakatokeza. La shemeji lilikuwa shamba jekundu tupu, alilokuwa ameshalilima lote peke yake na kuvunja madongo, na magugu yalikuwa yameanza kurudi. Kila nilipopata nafasi nilimpigia, nikamhubiria. Ndiyo, nilihubiri, mimi nisiyependa kuhubiriwa. Nikamwambia mvua haiulizi nani kifungua mimba. Nikamwambia kule Kehancha, kwa Wakuria, hawaijui hata hiyo foleni yetu, na mahindi yao yanaota. Baadaye nilijiuliza nimelitoa wapi hilo. Wakuria nao wana yao, na mimi huko huwa nafuata vipuri tu.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema pole pole, kama mtu anayemweleza mtoto:

"Shemeji, mimi siogopi mahindi. Naogopa mwezi wa nane. Mtoto akipata joto, majirani wataangalia mtoto, halafu wataangalia shamba. Wewe utakuwa Suna. Mimi ndiye nitakayeteka maji pamoja nao."

Nilikuwa nafikiri kutoamini kwangu ni mali yangu, kama viatu vyangu. Nikivivua ni miguu yangu inayopata baridi. Kumbe kule nyumbani kuna mtu amesimama na mbegu mkononi, na kuna watoto wanaopaswa kula mwaka mzima, kwa sababu mimi nimekaa mjini na msimamo wangu. Iliniudhi. Nilitaka kumkasirikia mtu fulani na sikumpata. Mzee hakuitunga ile mila. Shemeji hakudanganya kuhusu majirani. Mimi nami sikumkataza mtu kupanda.

Basi nikaamua niende nikafukie hizo mbegu, nimalize. Hapo nikakwama kwa mke wangu.

Mke wangu ni Msabato, wa kweli, si wa jina. Anauza mboga na omena, dagaa wa ziwani, na Ijumaa jua likielekea kuzama meza yake iko tupu, hata mteja amshike mkono. Nilipomweleza alifuta mikono kwa leso na kusema hawezi kumwabudu Mungu Sabato, halafu Jumapili akaiabudu mbegu. Nikamwambia si kuabudu, ni kufukia. Akaniuliza kama si kuabudu, mbona wanataka wajue tumelalaje?

Nikamwambia afanye kwa ajili ya watoto. Akanitazama.

"Wewe kila siku unasema mtu asilazimishwe imani. Sasa hiyo haki ni ya nani, yako peke yako?"

Nikatoka nje nikakaa na tairi zangu. Haki yake niliiona, na ndiyo iliyoniuma. Mtu mwenye dini akibanwa ana mahali pa kuuliza, ana kitabu, ana mzee wa kanisa. Mimi nina kichwa hiki tu, na mara nyingi nakiona hakitoshi.

Ni yeye aliyetafuta njia. Alikwenda kwa mzee wa kanisa lake, na yule mzee, ambaye mimi nilikuwa nimeshamhesabu kuwa mgumu, akamwambia mila asiifanye, lakini kumsaidia mjane kupanda si dhambi popote. Kwa hiyo mke wangu akasema atakuja. Atashika jembe, atapanda, lakini hatalala kwa mila. Nikakubali. Jumamosi jua lilipozama tukaondoka, tukafika Kisegi usiku, akaenda moja kwa moja kulala kwa shemeji na watoto. Mimi nikalala katika nyumba yetu ya zamani, peke yangu na popo.

Asubuhi tuliingia shambani mimi na yeye. Nikachimba, akatia mbegu, nikafukia. Baba mdogo alisimama mpakani na fimbo yake, uso umekunjuka. Hakuuliza chochote, kwetu jambo hilo haliulizwi mchana. Akamwambia shemeji sasa aanze, akaenda zake kunywa uji. Shemeji naye, sijui kama hakutaka kuhesabu nani kalala wapi, alikuja na karai lake la mbegu akiimba kwa sauti ya chini. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu msiba.

Mtu mwingine angenyamaza. Na mimi nilichimba mistari kadhaa kwanza. Lakini sikuweza kuliacha hivyo: huyu anapanda akidhani yote yametimizwa, na uamuzi ni wake, na watoto ni wake. Kama ningemficha, ningekuwa na tofauti gani na wale niliowalaumu kwa kuwaamulia watu? Nikamwendea, nikamwambia mke wangu amelala kwake na mimi nimelala kwangu, na kwamba sitaki apande bila kulijua hilo.

Wimbo ulikatika. Aliinama pale pale na mbegu kwenye ngumi.

"Unafikiri sikumwona aliyelala kwangu?" akasema. "Nilikuwa nimejinyamazisha. Sasa umelisema. Kwa nini umelisema?"

Nikaanza kumweleza habari ya haki yake ya kujua. Alinyoosha mkono nisiendelee. Mke wangu alikuwa mstari wa pili, ameacha kazi, akinitazama kwa jicho ambalo nalijua, la kuniuliza nimezaliwa na nani. Nilitaka ardhi ile ile niliyoichimba inifunike. Na bado, na hili ndilo linalonichosha, sikuona ni wapi hasa nilikosea.

Shemeji alikwenda kukaa kwenye ukingo wa shamba. Wingu lilikuwa linajikusanya upande wa ziwa. Aliliangalia, akaangalia nyumba ambamo watoto walikuwa wanagombania kikombe, akasimama akajifunga leso upya.

"Mtoto akiugua," akaniambia, "utakuja wewe. Hutatuma dawa, hutapiga simu. Utakuja ukae hapa wakuone."

Nikasema nitakuja. Akapanda.

Mwezi wa nane mtoto wake wa mwisho alipata joto. Sikusubiri kuitwa mara ya pili. Nilifunga kazi, nikaenda. Tulimpeleka zahanati, wakampima, ikawa malaria, na kwenye lile benchi karibu kila mama alikuwa amempakata mtoto wa namna hiyo. Hao wengine mashamba yao yalipandwa kwa foleni. Nilitaka kulisema hilo kwa sauti, benchi zima lisikie. Nikamwona shemeji ananitazama, nikameza.

Nikakaa bomani kama nilivyoahidi, kwenye kiti, mbele ya mlango, mahali ambapo njia ya maji inapita. Wanawake walipita na mitungi, wakasalimu, wakamtazama mtoto, wakanitazama mimi, na maneno waliyokuja nayo, kama walikuja nayo, wakaenda nayo. Baba mdogo alikuja akakaa kando yangu bila kutaja shamba, alileta papai. Mke wangu alikuwa anaomba kule Suna pamoja na kanisa lake. Mtoto alipona. Mke wangu anajua ni kwa nini, baba mdogo naye anajua ni kwa nini, na mimi nasema ni dawa, ingawa dozi ya kwanza aliitapika yote.

Tulivuna vibaya, kwa sababu tulichelewa, na katika hilo simlaumu mtu ila naona uchungu.

Nilipokuwa naondoka shemeji alinisindikiza hadi barabarani na mfuko wa mahindi mabichi. Nikamwambia mwaka ujao nitakuja mapema, mvua isitukute.

"Njoo," akasema. "Njoo na mkeo. Lakini usiniambie kitu."

Nimelifikiria hilo kila siku nikiwa hapa kwenye tairi zangu. Mvua inakaribia tena, na sijui kama nitaweza kunyamaza.