Fundo la Hilda

Hilda Rimmer hakuwahi kufunga kitu bila kwanza kulowesha uzi kwa midomo. Iwe kifurushi cha nyama, iwe kamba ya kiatu cha mtoto, ulimi ulitangulia. Ndivyo walivyofundishwa wasichana wa chumba cha kufungashia katika kiwanda cha vifaa vya kuchezea cha Halsall, pale Liverpool, ambako vipande vya bati vyenye matundu, magurudumu, nati na boliti vilifungwa juu ya kadi, ili mtoto afunguapo sanduku avikute vimejipanga kama vito dukani. Uzi mkavu hulegea. Hilda aliongeza na mzunguko wa pili, ncha akaificha chini. Hakuna mwingine aliyefunga hivyo, na Nora Kilbride alilijua hilo, maana walikaa benchi moja.

Muda mfupi kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Nora aliaga kazi ili aolewe. Desturi ya pale ni kwamba mwali hatoki getini kwa miguu yake. Wenzake walimvika taji la magurudumu na mikufu ya bati, wakamfunga mikono kwa uzi wa kufungashia, wakamkalisha kwenye toroli.

"Twende, malkia! Baharia wako anangoja!"

"Polepole, jamani, nitatapika!"

"Thubutu! Watu waseme mimba imetangulia harusi?"

Kwenye mteremko wa getini toroli likawaponyoka. Mtu akianguka hujikinga kwa mikono. Nora aliangukia uso. Jicho la kushoto halikupona. Harusi ikaahirishwa, kisha baharia akapanda meli na hakuonekana tena. Msimamizi aliuliza nani alimfunga mikono mwenzao. Chumba kizima kikanyamaza, Hilda akiwemo. Lakini muuguzi alipokuwa akikata ule uzi wa mikononi, Nora alikwisha kuliona fundo.

Jumapili iliyofuata Hilda alibisha hodi, sufuria ya mchuzi wa kondoo na viazi mkononi. Nora alikuwa amelinoa neno la kumchoma nalo. Akaonja mchuzi, akasema, "Chumvi imezidi." Hilda akacheka huku machozi yakimtoka. Jumapili ya pili akaja tena.

Mwanzoni Nora alilinyamazia lile fundo kwa hasira. Hasira ilipokwisha, akanyamaza kwa woga: akimwambia yameisha, nani atabisha tena mlango huu?

Hilda aliolewa, akazaa, na bado akaja kila Jumapili, na habari za kiwanda. Wakati wa vita walitengeneza vipuri vya mizinga. Amani iliporudi, masanduku yakauzika kuliko zamani. Kisha akafa mzee Halsall, yule aliyeanzisha kiwanda kwa kuwakatia wanawe winchi ya kuchezea ya bati kwenye meza ya jikoni, na vipande vya plastiki vikaingia madukani.

"Unabonyeza tu, Nora. Hakuna nati, hakuna kujichubua kidole."

"Si ndiyo raha yake, mjinga we!"

Jumapili moja, siku yake ya kuzaliwa, binti yake Hilda alisimama mlangoni pa Nora, mvua ikimchuruzika. "Mama, keki tumeshaikata. Wageni wangu wanaondoka."

"Nakuja, mwanangu."

Nora akaona mtoto akimtazama yeye, si mama yake. Akainamisha uso, akamimina chai nyingine, na Hilda, kwa kuwa ilikuwa imeshamiminwa, akaketi kuimaliza.

Mwishowe geti la Halsall likafungwa kwa mnyororo. Baada ya hapo kifua cha Hilda kikaharibika, akalazwa, na Jumapili moja Nora ndiye aliyekwenda. Alikaa kando ya kitanda na glavu zake mapajani. Alijua akiondoka bila kusema, hatasema tena.

"Hilda, lile fundo. Nililijua siku ileile. Na nilishakusamehe zamani, hata kabla vita havijaisha."

Safari hii Hilda hakucheka. Hakulia. Akavuta blanketi mpaka kidevuni.

"Kumbe," alisema, "Jumapili zote zile ningekaa na watoto wangu."